Meza ya Vinyago: Kampeni ya Watu Wawili Isiyofia Njiani

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaocheza wawiliwawili vita vya mezani kwa vinyago, yaani sanamu ndogo za askari: vita vya anga vya kizamani, bunduki za miali, roketi zenye mapezi, roboti wa mabati, mchezo mmoja ukizaa mwingine ndani ya kampeni moja. Tumeanza na barua ya Tabata kwa sababu majibu mengine kadhaa yanaegemea hapo.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Mimi na mwenzangu tuna vinyago 20 kila mmoja, vya urefu wa milimita 28. Tulianza kampeni ya kugombea sayari ya migodi. Mchezo wa kwanza nilishindwa kwa tofauti ndogo tu. Wa pili nikashindwa vibaya. Wa tatu niliona hakuna haja hata ya kutandika meza. Tubadilishe kanuni?
Msomaji, Tabata

JIBU: Kanuni za mapigano ziacheni kama zilivyo, ndugu yetu. Kilichowaangusha ni kile kinachotokea kati ya mchezo na mchezo.

Mwaka 1916 mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alichapisha hesabu ya namna vikosi vinavyomalizana vinapopigana kwa silaha za kulenga kutoka mbali. Alionyesha kwamba nguvu ya kikosi haifuati idadi ya watu. Inafuata idadi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Chukua watu 10 dhidi ya 8 wenye uwezo uleule, wapigane mpaka mwisho. Mtu angetarajia wabaki wawili. Lakini 10 mara 10 ni 100, na 8 mara 8 ni 64. Tofauti ni 36, na kipeuo chake cha pili ni 6. Wanane wameisha wote, na upande wa pili bado una watu sita wamesimama. Wape hao sita uzoefu na ngawira, kisha walete mezani wiki ijayo, na pengo linazidi kupanuka. Wakicheza watu watano, wanyonge huungana kumbana mwenye nguvu. Mkiwa wawili hakuna wa kuungana naye, kwa hiyo breki lazima iandikwe ndani ya kanuni za kampeni. Sisi tunapendekeza nne.

Ya kwanza, na ndiyo kubwa kuliko zote, ni ruhusa ya kuondoka. Kuanzia zamu ya tatu, upande wowote unaweza kurudi nyuma. Kinyago kinachotoka kwa miguu yake kupitia ukingo wa meza wa upande wake kimeokoka, na hakirushiwi dadu ya majeruhi. Anayeona mambo yameharibika baada ya kupoteza watu sita atawatoa waliobaki badala ya kuwaacha wamalizwe. Mshindi anapata uwanja, basi. Bila kanuni hii kila mchezo unakuwa wa kufa na kupona, na hesabu ya Lanchester inafika mwisho wake kila mara.

Ya pili ni jedwali la majeruhi lenye huruma. Mchezo ukiisha, kila aliyeanguka anarushiwa dadu moja ya pande sita: 1 amekufa, 2 au 3 amelazwa, anakosa mchezo unaofuata, 4, 5 au 6 anarudi kazini. Wakianguka tisa, kwa wastani mmoja au wawili ndio wanaokufa, watatu wanalazwa, wengine wanarudi. Kama jedwali la kitabu chenu linaua kwa 1 hadi 3, lipunguzeni. Watu wawili wenye vinyago 20 hawawezi kulilisha jedwali la namna hiyo.

Ya tatu, umbali uwe na bei. Kila shambulio lilipiwe shehena (ndiyo fedha ya kampeni) sawa na idadi ya hatua za ramani kutoka makao yako makuu hadi eneo unaloshambulia. Aliye karibu na kwake analipa 1, anayevamia makao ya adui upande wa pili wa ramani analipa 4. Mwenye kushinda anasonga mbele, na kadiri anavyosonga ndivyo vita vinavyomgharimu, huku mwenzake akipigania nyumbani kwa bei ndogo.

Ya nne inahusu uzoefu. Msimpe askari mzoefu namba bora. Anayepata shabaha kwa dadu ya 4 na kuendelea akipandishwa apate kwa 3, vipigo vyake vimeongezeka kwa theluthi moja, na mnaanza tena kupanua pengo. Mpeni jambo jipya la kufanya: kupiga kisha kusogea nusu ya mwendo wake, kumburuta mwenzake aliyeanguka, kufungua mlango wa chombo bila kurusha dadu. Ujuzi mmoja kwa kikosi kila baada ya mchezo, na usizidi mitatu kwa kampeni nzima.

Ramani yenyewe ichoreni kwa pembesita 19: moja katikati, sita kuizunguka, 12 za nje. Makao makuu yenu yawe kwenye kona mbili zinazotazamana, hatua nne kutoka moja hadi nyingine. Katikati wekeni kituo cha mawasiliano. Sambazeni migodi minne, mmoja karibu na kila makao na miwili kwenye eneo lisilo la mtu. Vinyago 20 vinatoa vikosi vitatu vya watu sita, kamanda, na fundi mmoja wa roboti. Makao makuu yanazalisha shehena 3 kila zamu ya kampeni, na kila mgodi 1. Askari mpya anagharimu shehena 1. Akiba isizidi 6, la sivyo mmoja atakaa kimya zamu tatu halafu aje na furiko.

Zamu ya kampeni inakwenda hivi: kila mmoja anaandika amri za vikosi vyake vitatu kwenye karatasi, shambulio moja tu likiruhusiwa, karatasi zinafunuliwa pamoja, panapogongana mnatandika meza, kisha mnakusanya shehena, mnarusha dadu za majeruhi na kununua watu. Kikosi cha jirani, kilicho hatua moja kutoka penye vita, kinaweza kuingia mezani kuanzia zamu ya tatu ya mchezo. Hivyo mara nyingi mtapata watu 12 kwa 12, kiasi kinachomalizika kwa saa mbili hivi.

Simamisheni kampeni baada ya zamu sita, hata kama mnatamani kuendelea. Hesabuni pointi 2 kwa kila mgodi, 3 kwa kituo cha katikati, 5 kwa makao ya adui. Msihesabu waliouawa hata kidogo, kwa sababu pointi za mauaji zinamrudisha kila mtu kwenye kupigana mpaka wa mwisho.

SWALI: Kanuni tulizopata zinadai mtu wa tatu awe msimamizi. Hapa Mbagala tuko wawili tu. Tufanyeje?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Hiyo ni kawaida ya kanuni za zamani. Toleo la kwanza la Warhammer 40,000, mchezo maarufu wa vita vya vinyago, la mwaka 1987, nalo liliandikwa likitarajia msimamizi wa kutunga kisa, kuficha viumbe na kuamua mabishano. Mkizigawa hizo kazi tatu, kila moja ina dawa yake.

Siri zinatunzwa na vibandiko. Kila mmoja anakata vipande sita vya kadibodi, vitatu vimeandikwa namba za vikosi chini, vitatu vitupu. Mnavisogeza mezani vikiwa vimelala kifudifudi. Kibandiko kinafunuliwa adui akikiona wazi ndani ya sentimita 30, au kikifyatua risasi. Vitatu vinatosha kumtia mwenzako mashaka. Mkiweka vitupu vingi zaidi, zamu mbili za mwanzo zinakuwa kusukuma makaratasi.

Viumbe vya sayari vinaendeshwa na dadu. Mwanzo wa kila raundi, rusha moja kwa kila kiumbe. Kwa 1 kinasimama. Kwa 2 au 3 kinakwenda nusu mwendo kuelekea aliyefyatua risasi mwisho. Kwa 4 au 5 kinakwenda mwendo wote kuelekea mtu aliye karibu zaidi, awe wa upande wowote. Kwa 6 kinafanya hivyo na kushambulia mara mbili. Utamu wa jedwali hili uko kwenye 2 na 3, kwa sababu kila bunduki inayolia inaita mnyama, na mchezaji anaanza kufikiri kabla ya kufyatua.

Kisa nacho kinakuja kwa bahasha. Kila mmoja anaandika matukio sita ya sentensi mbilimbili (dhoruba ya vumbi inakata mwonekano hadi sentimita 20, chombo kilichoanguka kina shehena 2 kwa atakayekigusa kwanza, mkimbizi anayejua njia ya chini kwa chini), mnachanganya zote 12, na bahasha moja inafunguliwa mwisho wa zamu ya pili ya kila mchezo. Hakuna anayejua kama ni yake au ya mwenzake.

Kwa amri za ramani, mnaweza kumtumia mtu wa tatu kwa simu. Ndugu aliye Tanga au Mwanza anapokea picha ya karatasi ya kila mmoja kwa WhatsApp, na zote mbili zikishafika ndipo anazituma kwenu kwa pamoja. Hahitaji kujua kanuni hata moja.

SWALI: Kikosi changu cha watu sita kinapiga zamu nzima na hakuna anayeanguka. Dadu zangu zina tatizo?
Msomaji, Kimara

JIBU: Hazina. Kama unapata kwa 4 na kuendelea, unajeruhi kwa 4 na kuendelea, na adui anajikinga kwa 5 na kuendelea, kila risasi ina nafasi ya nusu mara nusu mara theluthi mbili, yaani moja kati ya sita. Risasi sita zinaangusha mtu mmoja kwa wastani, na karibu mara moja katika kila tatu haanguki yeyote. Lenga vikosi viwili kwa adui mmoja. Kugawa risasi kwa maadui watatu ndiko kunakokupa zamu tupu.

SWALI: Tunaishi chumba na sebule Sinza. Meza tuliyonayo ni ya kahawa, sentimita 50 kwa 90, na kanuni zinataka futi 4 kwa 6. Inawezekana?
Dada wawili, Sinza

JIBU: Inawezekana vizuri sana, dada zetu, ila amueni kwanza ukubwa wa vinyago. Kwa vinyago vya milimita 15, kila inchi ya kitabu ipimeni kuwa sentimita 1.25. Meza yenu inakuwa sawa na inchi 40 kwa 72, pungufu kidogo tu ya futi 4 kwa 6. Kwa vinyago vya milimita 6, inchi moja iwe sentimita moja, na hapo mna nafasi kuliko kitabu kinavyotaka. Vya milimita 28 msivipunguzie vipimo. Chezeni watano kwa watano na muweke vizuizi vingi.

Mambo mawili husahaulika. Duara za mlipuko nazo zipunguzwe kwa kiwango hichohicho, la sivyo bomu moja linafunika robo ya meza. Na pimeni kutoka ukingo wa kitako (msingi ambao kinyago husimama juu yake) hadi ukingo wa kitako: vipimo vikiwa vidogo, vitako vinakula nafasi kubwa, na mkipima katikati hadi katikati, mtu mwenye kitako kipana anaibiwa mwendo.

SWALI: Vinyago vya nje ni ghali. Nimenunua mfuko wa askari wa plastiki Kariakoo, wale wa kijani. Rangi inabanduka kama ganda, na gundi haishiki. Pia ni warefu mno.
Msomaji, Ilala

JIBU: Anza na jaribio la maji. Kata kipande kidogo cha plastiki hiyo ukidumbukize kwenye glasi ya maji ya kawaida. Kikielea, ni plastiki laini ya aina ya polithini, na hakuna supaglu itakayoishika kwa kudumu. Kikizama, ni plastiki ngumu au ya jamii ya PVC, na gundi itafanya kazi.

Kwa inayoelea, viungo vyote vifungwe kwa pini. Toboa tundu la milimita moja pande zote mbili, pitisha kipande cha pini au cha klipu ya karatasi, halafu gundi ijaze tundu tu. Kabla ya rangi, osha kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani kuondoa mafuta ya kiwandani, suuza, kausha. Pakaza gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mkono mmoja mwembamba, uache usiku kucha. Ganda hilo linanyumbuka pamoja na plastiki, na rangi ya akriliki inalikamata. Bunduki zilizopinda zirudishe kwa maji ya moto: chovya nusu dakika, nyoosha kwa vidole, tumbukiza mara moja kwenye maji baridi, ushikilie mpaka zitulie.

Urefu wao, sentimita 5 hivi, usiupigane nao. Mtu wa sentimita 5 kando ya mtu wa milimita 28 ni jitu, na hadithi za anga za kizamani zina nafasi nyingi kwa majitu. Kata kichwa, weka kuba la epoksi ya kukanda ya mafundi bomba, ile ya vipande viwili. Kata mtutu wa bunduki, tia kipande cha mrija wa juisi chenye pete mbili za waya, na umepata roboti wa mgodini mwenye bunduki ya miali. Watano wanatosha kuwa kikosi kizito cha kampeni. Vizibo vya soda ni vitako vizuri kwao: vina upana wa takribani milimita 30, vina uzito kidogo chini, na vinakubali sumaku, jambo tutakalolirudia hapo mbele.

Kama unataka sura ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, paka rangi kali bila aibu: bunduki nyekundu, kofia za njano, kingo za vitako kijani kibichi. Rangi za vumbi na kutu ni fasheni ya baadaye.

SWALI: Nilipuliza vanishi isiyong'aa juu ya kikosi kizima, ikatoka ukungu mweupe. Kopo ni jipya. Ilikuwa mwezi wa nne, jioni.
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Mwezi wa nne, masika, jioni, kando ya bahari: unyevu ulikuwa umekuzunguka kila upande. Vanishi ya kopo inapotoka, kiyeyushi chake kinavukiza haraka na kupoza uso wa kinyago. Mvuke wa hewani unatua hapo na kunaswa ndani ya tabaka. Huo ndio weupe unaouona.

Mara nyingi unaokolewa. Subiri siku kavu, puliza vanishi inayong'aa tabaka moja lenye majimaji ya kutosha kulainisha lile la chini, acha ikauke siku nzima, utaona rangi zinarudi. Ndipo upulize tena isiyong'aa, nyembamba.

Dar es Salaam hewa huwa na unyevu mwingi zaidi usiku na alfajiri, na hupungua kadiri jua linavyopanda. Puliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kivulini, mahali penye hewa. Juani moja kwa moja si pazuri: matone yanakauka yakiwa hewani na kuufanya uso uwe na chengachenga kama msasa. Tikisa kopo dakika mbili kamili, simama sentimita 25, anza kupuliza nje ya kinyago na umalizie nje yake. Kijiko cha plastiki kipulizwe kwanza kila mara. Kikitoka na weupe baada ya dakika kumi, rudisha kopo kabatini. Msimu wa masika tumia vanishi ya maji kwa brashi na uachane na makopo kabisa.

SWALI: Mjomba ameniachia boksi la vinyago vya chuma vya miaka ya 1980. Vizito, na vingine vina unga mweupe. Nina watoto nyumbani.
Msomaji, Tegeta

JIBU: Vichukulie kuwa vina madini ya risasi mpaka uthibitishe vinginevyo, kwa sababu vinyago vingi vya chuma vya miaka hiyo vilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye risasi. Sugua chini ya kimoja kwenye karatasi nyeupe: risasi huacha mstari wa kijivu, na hupinda kirahisi. Unga mweupe ni risasi inayoliwa na mvuke wa asidi kukiwa na unyevu. Mvuke huo hutoka kwenye mbao mbichi, kadibodi, na silikoni ya kuzibia inayonukia kama siki. Boksi la mjomba pengine ndilo linaloviharibu.

Unga huo ni sumu, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Usiupulize wala kuusugua ukiwa mkavu. Vaa glovu, tandaza gazeti lililoloa, sugua kwa mswaki ndani ya maji yenye sabuni, panguza kwa karatasi, kisha funga karatasi, gazeti na mswaki kwenye mfuko na utupe. Kazi hii isifanyike jikoni, na beseni lake lisirudi kwenye vyombo. Maji machafu yasimwagwe kwenye bustani ya mboga. Kinyago kilicholiwa mpaka sura imepotea kiache kiende. Kilicho kizima kikaushe vizuri, kipake rangi ya chini na vanishi pande zote hadi chini ya miguu, kisha kihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Osheni mikono kila baada ya mchezo, na kiwe mbali na wanaotia vitu mdomoni.

Ukitimiza hayo, una hazina. Michongo ya wakati ule, yenye nyuso za kikaragosi na bunduki nene, ndiyo sura hasa ya mchezo huu.

SWALI: Tunataka majengo na milima ya sayari ngeni bila kununua. Povu jeupe la boksi la TV tulilipuliza rangi likayeyuka mbele ya macho yetu.
Msomaji, Buguruni

JIBU: Kiyeyushi cha rangi ya kopo hula povu hilo. Lifunike kwanza: gundi nyeupe sehemu mbili, maji sehemu moja, paka kila mahali hata kwenye mikato, nyunyiza mchanga uliochekechwa, acha siku nzima, paka gundi tena juu yake. Tundu dogo likibaki wazi, rangi itaingia na kutoboa shimo ndani. Njia salama zaidi ni kupaka rangi ya maji ya ukutani kwa brashi. Mchanga wa ufukweni uoshwe mara tatu kwa maji ya bomba kabla ya kuutumia; chumvi yake huvuta unyevu na kuinua rangi.

Kabla hamjaenda mbali, angalieni mahali panapokunwa nazi. Kifuu ni kuba la kituo cha anga ambalo tayari limeviringwa. Kwangua nyama iliyobaki, anika juani siku mbili (kikiwa na unyevu kitaota ukungu na kunuka), sugua nyuzi za nje kwa msasa namba 80, malizia kwa 220. Bandika pete za vizibo kuwa madirisha na kipande cha bomba la PVC la nusu inchi kuwa mlango wa kupitia hewa. Makuba matatu yaliyounganishwa kwa mirija mikubwa ni kijiji cha wachimba madini. Trei za mayai zikigeuzwa na kukatwa vipande vinne vinne ni miamba yenye ncha. Chupa ya plastiki ya nusu lita, mapezi matatu ya kadibodi ngumu, pua ya kizibo cha deodoranti, na roketi imetua. Bao la chini lipateni kwa maseremala wa Keko: karatasi ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4, na nusu yake ni futi 4 kwa 4, saizi tosha kwa kampeni ya watu wawili.

Jazeni theluthi moja ya meza, na angalau vitu vinne viwe virefu kuliko kinyago ili vizuie kuona. Mkumbuke hesabu tuliyompa msomaji wa Tabata: wengi huwamaliza wachache kwa kasi ile pale tu ambapo kila mmoja anamwona kila mmoja. Kwenye vichochoro, watu 10 hawawezi kupiga wote kwa pamoja, na wanane wana nafasi ya kweli. Meza tupu kama uwanja wa mpira ndiyo inayoua kampeni mapema.

SWALI: Nabeba kikosi kwenye mwendokasi kutoka Mbezi hadi Gerezani. Kila nikifika, mikono na bunduki vimevunjika.
Msomaji, Mbezi

JIBU: Vinyago vyako vinagongana. Chukua kopo la biskuti la bati lenye kina kinachozidi kinyago kirefu kwa sentimita mbili. Jaza uvungu wa kila kizibo kwa epoksi ya kukanda, na kabla haijakauka zamisha sumaku ya duara ya milimita 5 kwa 2 hadi ilingane na ukingo wa chini. Ikizama zaidi hata kwa milimita moja, haitashika bati. Vinyago vya plastiki vinatosheka na sumaku moja, vya chuma vitie mbili. Vipange kwa umbali wa kidole kimoja, funga mfuniko, ligeuze kopo juu chini na ulitikise kidogo. Kinachodondoka nyumbani kingedondoka Kimara.

Usikubali kuliacha kopo hilo ndani ya gari lililoegeshwa juani. Vinyago vilivyochapwa kwa mashine ya 3D kwa plastiki iitwayo PLA huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na bati lililofungwa ndani ya gari juani linaweza kufika huko. Mikono iliyokwisha kuvunjika itobolewe na kuungwa kwa pini ya waya, si kwa supaglu peke yake. Supaglu ikikauka ni ngumu lakini haivumilii mtikisiko wa pembeni, na kiungo kilekile kitakatika tena safari ijayo.